Meno ya Soli

Kwetu nguo za marehemu hazirudi sandukuni. Arobaini ikishasomwa na pilau ikishaliwa, wanawake wa ukoo hubaki nyuma, mkeka hutandikwa, na kila kilichovaliwa na aliyeondoka hutafutiwa mwili mwingine siku hiyohiyo. Siku ya mama, mgawaji alikuwa Shangazi Mwajuma, dada yake baba, ambaye hata msibani sauti yake ni ya kunadi sokoni. Khanga hizi za fulani, alimuuguza. Sweta hili la fulani, kwake kuna baridi. Mimi, mtoto wake pekee, nilikaa pembeni nikikubali kila kitu kwa kichwa, maana nilikwisha kulia hadi nikachoka kuisikia sauti yangu.

Ndipo Shangazi akaniagiza nipande darini juu ya jiko, nihakikishe hakuna kilichosahauliwa. Nyuma ya mahindi ya mbegu nikakuta mfuko wa mbolea uliokunjwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, kwa lile fundo la mama la kuzungusha mara tatu. Sikuwa nimewahi kuuona. Nilipoufungua, harufu ilinifikia kabla ya kitu chenyewe: mpira wa zamani, moshi, na udongo wetu mwekundu uliokauka. Nilikaa palepale juu ya ngazi.

“Ni nini hicho?” Shangazi aliuliza kutoka chini.

“Viatu.”

“Vya nani?”

“Vya mama,” nikasema. “Na vyangu.”

Nilishuka navyo nikaviweka mkekani, soli chini. Sikuvigeuza. Nilijua kilichokuwa chini yake, au tuseme kisichokuwapo, kwa sababu mimi ndiye niliyekiondoa, na kwa miaka yote hiyo sikumwambia mtu.

Wa rika langu mtakumbuka kwamba siku zile kiatu kilikuwa habari. Tulikuwa na ndala ambazo kamba ikichomoka ilizuiwa kwa msumari. Tulikuwa na yeboyebo za plastiki zilizotuchubua vidole, na mwenye raba alitembea katikati ya njia ili aonekane. Mimi nilikuwa darasa la sita, nina viatu vyeusi vya shule, kimoja kinacheka mbele. Asubuhi ukungu ulipokuwa bado umelala juu ya mashamba, tulivua viatu tukavishika mkononi hadi getini, tukanawa miguu kwenye mfereji, ndipo tukavivaa. Viatu vilikuwa vya kuingilia darasani. Njia iliachiwa miguu.

Mwaka huo alikuja kwetu Mwalimu Mbwana, mtu wa Tanga mjini, mwembamba, anayeona baridi hata saa sita mchana. Alikuwa amesoma ng’ambo na kurudi na mfuko mrefu ambao sisi tulidhani ni wa fimbo za kutuchapia. Ndani yake mlikuwa na vitara vyembamba, mapanga ya mchezo yasiyo na makali, yenye kifundo nchani ili yasimchome mtu, na kofia za waya za kufunika uso mzima. Alichagua wasichana wanane akasema atatufundisha kupigana kwa adabu. Hayo ndiyo maneno yake. Kwetu milimani panga ni la kufyekea, na mtu akimwelekezea mwenziwe anaitiwa balozi wa nyumba kumi. Lakini mwalimu alitupanga Jumamosi katika ukumbi wenye sakafu ya mbao, wawili wawili, tukasalimiana kwa vitara kabla ya kuanza na kupeana mkono baada ya kumaliza, na wazazi waliokuja kuchungulia dirishani walirudi makwao wakisema ni ngoma ya Wazungu, haina madhara.

Nilikuwa mzuri. Nasema bila haya kwa sababu tangu hapo sijawahi kuwa mzuri kiasi kile katika jambo lingine lolote. Nilikuwa na miguu mirefu na roho ya kusubiri. Mwenzangu akirusha mkono, mimi narudi hatua moja, nasubiri, halafu naingia kwa hatua ndefu ya kushambulia, mguu wa mbele ukitua kwa kisigino na wa nyuma ukiburuzwa kwa ubavu wa ndani. Kifundo kikimgusa kifuani nasikia kitu kama cha kushiba.

Kisha ukaja mwaliko. Shule moja ya Moshi ilikuwa na kikundi kama chetu, na wanne kati yetu wangekwenda kucheza nao. Moshi! Mimi sikuwa nimeshuka hata Mombo, hapo chini ya mlima. Jina langu lilisomwa la kwanza, na mwalimu akaweka sharti moja tu, kwamba kila mmoja apate viatu vinavyofaa. Vyenyewe hasa vya mchezo huo, alisema, havipatikani hapa na bei yake ni ya ng’ombe. Tutafute mtumba, vile vya mpira wa wavu vinavyochezewa ndani ya ukumbi: soli bapa, laini, isiyoacha alama kwenye mbao, kisigino chenye mto kidogo, ubavu mgumu, vyepesi, vya kukaa sawasawa na mguu. Aliniandikia yote hayo kwenye karatasi nimpelekee mama.

Mama alikuwa mkulima wa bustani. Kishamba chetu kilikuwa bondeni kando ya kijito, kabichi, karoti na njegere, na baba alikuwa kwenye mkonge Korogwe, tukimwona kwa sikukuu. Kila kilichovunwa kule chini kilipanda kwa kichwa cha mama hadi barabarani, mahali gari la kabichi liliposimama, kwa njia ambayo wakati wa mvua ni sabuni tupu. Buti zake za mpira zilikuwa zimepasuka kisigino tangu msimu uliopita, anazifunga kwa kamba ya katani. Hayo niliyaona kila siku na hayakuniambia kitu. Mtoto anamwona mama yake kama anavyoona ukuta wa nyumba.

Siku ya gulio tulikwenda pamoja kwenye mitumba. Nilimsomea karatasi mara mbili, maana yeye alisoma herufi za msahafu lakini za shule zilimchosha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kishambaa, ili muuzaji asiambulie kitu, “Soli bapa! Mwalimu wako ni mtu wa tambarare. Mtu wa tambarare anajua nini habari za mguu?”

Akaanza kuchagua kwa namna yake, na mimi nikaanza kuona aibu. Alikipuuza kiatu cha juu, hakutazama rangi wala kamba. Alikipindua kila kimoja kama mtu anayekagua kwato za mbuzi, akaingiza kidole gumba katikati ya meno ya soli kupima kina chake, akakikunja, akakinusa ndani. Viatu bapa nilivyomwonyesha mimi, vyeupe, vyepesi, vilivyofanana kabisa na maneno ya karatasi, alivirudisha kwenye lundo kwa ncha za vidole. “Hivi vitakuua,” alisema.

Mwisho akapata alichokitaka. Vilikuwa vya kahawia, vizito, soli yake ina meno marefu kama ya reki.

“Umechagua, mama,” muuzaji akasema. “Hivyo ni vya kupandia milima.”

“Na hapa unadhani tuko wapi, baharini?”

Akamwaga maji ya chupa yake kwenye jiwe lililokuwa na kuvu pembeni ya banda, akavua ndala, akaingiza mguu wake mwenyewe katika kile cha kulia, akapanda juu ya jiwe, akajisukuma mbele na nyuma. Hakikuteleza. Uso wake ulilegea kwa furaha ambayo sikuielewa. Mimi nilitazama chini, nikiomba mtoto yeyote wa shuleni asipite.

“Mama, vinakuenea wewe. Mimi vitanivuka.”

“Utakua,” alisema. “Kwanza tutaweka vitambaa.”

Nilidhani hajui kipimo cha mguu wangu. Nilidhani pia ni mshamba, neno ambalo nilikuwa nimejifunza mwaka ule ule. Alitoa pesa ya njegere, yote, akavifunga kwenye ukaya wake wa kichwani akavibeba mwenyewe hadi nyumbani. Kesho yake akazikata buti za zamani, akafanya bawaba za mlango wa banda la kuku. Nikasema moyoni, afadhali, amechoka nazo na zenyewe zilikuwa mbaya.

Jumamosi mbili nilivivaa hivyohivyo, vimejazwa vitambaa mbele. Jambo moja lilinifurahisha: kila Jumamosi asubuhi nilivikuta vimeoshwa, vinatoa mvuke kando ya mafiga, hata kama mimi sikuwa nimevigusa wiki nzima. Niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu anaupenda mchezo wetu kiasi cha kuviosha viatu vyangu kila siku. Nilisema hivyo kwa majivuno makubwa. Sikujiuliza viatu visivyovaliwa vinachafuliwa na nini.

Ukumbini havikufaa hata kidogo. Meno yaling’ang’ania mbao, nikitaka kuburuza mguu wa nyuma unabaki pale pale, mwili unaondoka, goti linapinda. Kila hatua ilikuwa na kishindo. Wasichana wakanipa jina la Trekta. Jumamosi ya pili nilianguka kifudifudi na kofia yangu ya waya ikabiringika hadi mlangoni. Mwalimu Mbwana aliniinua, akavitazama viatu, akashusha pumzi.

“Sauda, hivi vitakuvunja goti,” alisema. “Nani aliyekununulia?”

“Mama.”

“Mpe shikamoo yangu. Lakini mwambie sitaweza kukuchukua Moshi na soli hizi. Zimebaki wiki mbili, kama hakuna vingine nitamweka Anjela.”

Sikumpa mama ile shikamoo wala ule ujumbe. Nilijua angesema mwalimu ni mtu wa tambarare, na nilijua pia kwamba pesa ya vingine haipo. Jumatatu baada ya shule nilijaza plamu kwenye kikapu kidogo, nikaenda kwa Fundi Hoza, mshona viatu aliyekaa kwenye kona ya kushukia sokoni, ambaye hadi leo nikipita penye harufu ya gundi na mpira naona mikono yake.

“Unataka nichonge meno haya?” aliuliza. Alikizungusha kiatu mara kadhaa. “Mtoto, watu wananiletea vilivyoisha niwawekee meno. Wewe unaleta meno mapya niyatoe. Mama yako anajua?”

“Ndiye aliyenituma.”

Alinitazama kwa muda. Wakubwa wa kwetu wana namna ya kukutazama wanapojua unasema uongo na hawana ushahidi. Kisha akachukua kisu chake cha kukatia matairi, akalowesha makali, akaanza. Meno yalikatika moja moja yakaangukia kwenye aproni yake kama punje za mahindi meusi. Alipomaliza akasugua kwa msasa hadi soli ikawa laini kama shavu. Alikula plamu moja, zingine akanirudishia.

Siku hiyohiyo nikavipeleka shuleni, nikavifungia kwenye kabati la vitara. Jioni nilimwambia mama kwamba mwalimu ametaka viatu vya wote vikae huko.

Mama alikuwa anachambua maharage. Mkono wake ukasimama. “Vyote?”

“Vyote.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka safari.”

Akatazama mlango, nje mvua za masika zilikuwa zimeanza kunong’ona kwenye migomba. “Haya,” alisema, akaendelea na maharage yake. Kwa siku zile zote alishuka bondeni pekupeku, akirudi na vidole vya miguu vilivyovimba kwa kushika udongo. Nilimwona. Nilidhani miguu ya mama haisikii maumivu, kwa kuwa hakuwahi kulalamika.

Mimi nilikuwa juu. Soli bapa zilinipa mbawa. Mguu wa nyuma ukateleza inavyotakiwa, wa mbele ukatua, na mwalimu aliwaambia wenzangu watazame miguu yangu wajifunze. Safari ilikuwa Jumamosi alfajiri. Alhamisi alituambia tupeleke viatu nyumbani tukavisafishe, visije vikatuaibisha kwa watu. Nilivifuta, nikavisimamisha kando ya jiko, soli zikigusa majivu, nikalala nikiwa na furaha.

Ijumaa kulipoanza kupambazuka nilisikia katika usingizi sauti ya kisu kikikwaruza kitu, kwaru, kwaru, bila kukoma. Nikadhani mama anamenya viazi vya chai. Halafu kwa mbali, kule juu barabarani, honi ya gari. Gari la kabichi lilizoea kuja Jumamosi, lakini barabara ya kushukia Soni ilikuwa inaanza kumomonyoka na dereva alitaka kuwahi kabla haijafungwa. Kisu kikanyamaza. Mlango wa jiko ukafunguka.

Nilipoamka viazi havikuwapo. Viatu pia havikuwapo.

Sitajitetea. Nilijua papo hapo nani amevichukua na ameenda navyo wapi, na sikuwaza kabisa kuhusu soli. Niliwaza matope. Nilikwenda shule nikilia kwa hasira, ninatunga njiani maneno ambayo ningemwambia mama yangu jioni, na yalikuwa maneno mabaya. Saa nne jirani yetu Mama Hadija alitokea mlangoni mwa darasa, khanga yake imelowa hadi kiunoni. Hakumaliza salamu na mwalimu. “Sauda, njoo. Mama yako ameanguka.”

Alikuwa ameteleza pale njia inapokata kona juu ya mfereji, akiwa na gunia la kabichi kichwani, akashuka na gunia lake mpaka kwenye mawe. Tulipofika wanaume walikuwa wamekwisha kukata miti miwili na kufunga blanketi la kumbebea. Kabichi zilikuwa zimetawanyika bondeni kote, nyingine ziko kijitoni, maji yanazigeuzageuza. Mama alilala ubavu, uso wake una rangi ya majivu, mguu wake wa kulia umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama viatu kwanza. Nikaona vimejaa matope na moyo ukaniuma kwa ajili ya viatu, kabla haujaniuma kwa ajili ya mama. Labda ilikuwa ni muda wa kupepesa jicho tu. Lakini mama alikuwa ananitazama, na aliona nilikotazama.

“Nivueni taratibu,” alisema kwa wale wanaume, akizungumza kwa meno yaliyoumana. “Vioshwe. Mtoto ana safari kesho.”

Hapo ndipo nilipokumbuka soli. Nilikumbuka kila jino lililoangukia kwenye aproni ya Fundi Hoza.

Moshi alikwenda Anjela. Walishinda au walishindwa sikuuliza. Mimi nilikuwa hospitalini mjini, nakaa chini ya kitanda cha mama, juu yangu mguu wake umening’inizwa kwa kamba na vizito. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikaa humo msimu mzima wa njegere, akatoka na fimbo, na fimbo hiyo hakuiweka chini tena mpaka tulipoiegemeza ukutani mwaka huu. Vitara niliviacha bila kumuaga mwalimu. Nilipomaliza darasa la saba nikairithi ile njia ya bondeni, gunia kichwani, na mtu aliyesikia kwamba niliwahi kupigana kwa adabu ndani ya ukumbi wa mbao alicheka akidhani natania.

Nilipomuuliza mama viatu viko wapi, alisema, “Nimevitumbukiza chooni.” Nilishukuru. Nilidhani ushahidi umekwenda na maji machafu, na kwamba mama alivaa viatu vile akiamini vina meno, akakanyaga kona ile kwa imani ya soli aliyoijaribu mwenyewe juu ya jiwe. Nilidhani niko peke yangu na siri yangu. Watu walipokuja kumpa pole na kuuliza ilikuwaje, alijibu neno moja, “Mvua.” Baba aliporudi kutoka Korogwe akiwa na ghadhabu za mtu aliyekuwa mbali, akauliza ulivaa nini mguuni, mama alimjibu, “Mvua ilikuwa kubwa, baba Sauda. Hata mbuzi walianguka.” Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulifundishwa hivyo shuleni na tukaimba kwa sauti. Kwetu mkuu ndiye aliyevunjika, na asiyesikia akabaki na miguu yake yote miwili.

Mara moja nilijaribu kumwambia. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto, tumekaa tunaota moto na nje kunanyesha kama siku ile. Nikasema, “Mama, vile viatu.” Hakunigeukia. Alichokoa moto kwa fimbo yake. “Mvua ile, mwanangu, ilikuwa kubwa,” alisema, kisha akauliza kama nimeingiza kuku. Nilidhani hakunielewa. Na nikakasirika kidogo, kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimia ukaachwa hewani.

Basi nilikuwa nimekaa mbele ya mkeka, viatu viko kati yetu, na Shangazi Mwajuma anavitazama bila heshima.

“Hivi vimekwisha,” alisema. “Lakini kitu cha marehemu hakirudi darini. Kama havina mguu tuvichome.” Akakichukua kimoja, akakipindua kuona kama kinafaa. “Ee! Nani alikikatakata hivi?”

Nikamnyang’anya. Sijui kama nilimwambia samahani.

Soli ya kushoto haikuwa laini. Ilikuwa imechanjwa kwa kisu kutoka ukingo hadi ukingo, mistari ya kukingama, imekaribiana, mingine imepinda pale kisu kilipoteleza kwenye mpira mgumu. Haikuwa kazi ya fundi. Ilikuwa kazi ya kisu cha kabichi na mkono wa mtu anayejua udongo unataka nini. Ndani ya kila mfuo udongo mwekundu ulikuwa bado umekaa, mkavu kama siku ulipoingia. Kwaru, kwaru. Hakuwa anamenya viazi.

Nikapindua cha kulia. Mistari ilianzia kisiginoni, vizuri, kwa uangalifu uleule, mmoja, wa pili, wa tatu, hadi katikati ya mguu. Hapo ilikoma. Kuanzia hapo mpaka vidoleni soli ilikuwa laini kama shavu, kama ilivyotoka kwa Fundi Hoza. Honi ilikuwa imelia.

Kwa hiyo alijua. Alivigeuza kando ya jiko alfajiri ile akakuta meno hayapo, na hakuniamsha kuniuliza. Aliketi akanitengenezea kosa langu kwa kisu, muda ukamwishia, akavivaa hivyo hivyo kwa sababu gari lilikuwa linaita na pesa ya njegere ilikuwa imekwisha kununua viatu. Akaanguka kwa mguu wa kulia. Na tangu siku ile hadi anaingia kaburini alisema ni mvua. Alivificha darini juu ya jiko lake, sijui alipandaje na fimbo ile, ili baba asizione zile soli, na majirani, na Fundi Hoza, na mimi. Mimi zaidi ya wote. Nilidhani namficha mama jambo, kumbe alikuwa ananificha mimi.

Nililia kilio kingine kabisa, si kile cha siku arobaini. Hata Shangazi aliacha kukunja khanga.

“Mwana,” alisema baadaye, kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo. “Nimeuliza tu. Vina mguu au havina?”

Nilivua ndala. Vitambaa vilivyowekwa mbele mwaka ule havikuwamo tena, aliviondoa mwenyewe alipovivaa. Niliingiza mguu wa kushoto, kisha wa kulia, nikafunga kamba, nikasimama juu ya sakafu ya nyumba ya mama yangu. Alisema nitakua, na vilinienea.

“Vina mguu,” nikasema.